Mikumi kwa siku moja: lipia muongozaji anayesoma nyasi

Nianze na majibu kabisa kwa wale wenye haraka: ziara ya Mikumi ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo inalipa hela yake, naipa nyota nne kati ya tano, na hizo nne karibu zote ni za muongozaji. Gari lilikuwa la kawaida tu, chakula cha kawaida, simba tulimuona mmoja kwa mbali amelala chini ya mti na hakunyanyua hata kichwa. Ila yule baba aliyetuzungusha anajua nyasi, anajua udongo, anajua kwanini twiga yuko hapa na hayuko pale, na hicho ndo kitu ambacho kampuni nyingi hazikiuzi kabisa, wao wanakuuzia picha ya simba, ukimkosa unarudi nyumbani umenuna unasema Mikumi hamna kitu.

Kampuni yenyewe siitaji, ni ndogo tu na nina malalamiko juu yao nitayasema huko chini, kwahiyo chukueni haya kama maelezo ya nini cha kudai ukienda na kampuni yoyote ile.

Tulikuwa familia na marafiki, tumejaza Landkruza moja, na hapo ndo pa kubana matumizi: gari linalipwa kama gari, mkiwa wawili mnaumia, mkijaa mnagawana na kila mtu anatoa hela ya kueleweka. Kiingilio cha hifadhi kwa sisi wazawa ni kwa shilingi na ni kidogo sana ukilinganisha na wanacholipa wageni, ila getini hawapokei keshi, unalipia kwa control namba, hakikisheni kampuni imeshalipa kabla hamjafika maana kuna watu tuliwakuta pale wanahangaika na mtandao huku asubuhi inawapita. Kutoka Dar tulipanda treni ya SGR mpaka Morogoro, tukalala kwa ndugu, alfajiri gari likaja kutubeba, kutoka Moro mpaka geti la Kikoboga ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili hivi.

Wengi wetu tumeshapita Mikumi tumelala ndani ya basi la Iringa au Mbeya. Barabara kuu inaikata hifadhi katikati kwa kilomita kama 50, ukiwa macho unaona twiga na nyani bila kulipa senti. Sa mtu anajiuliza, kama nawaona barabarani nilipie cha nini? Jibu ni kwamba barabarani unaona wanyama, ndani ndo unaelewa nchi yenyewe imekaaje. Hifadhi ina ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, ilianzishwa 1964, na kati yake kuna tambarare ya Mkata, milima ya Uluguru unaiona upande wa mashariki na milima ya Rubeho kule magharibi, yaani umekaa kwenye bonde pana kabisa na ukitulia unaweza kusoma udongo unavyobadilika kutoka mlimani mpaka chini.

Na hapo ndo muongozaji wetu alipoanzia. Hatukuanza na mnyama hata mmoja. Alisimamisha gari katikati ya tambarare, nyasi tupu pande zote, binti yangu akamuuliza, "Anko, mbona hapa hamna miti na pale mbele ipo kibao?" Akasema, "Mwanangu umeuliza la maana, angalia chini kwanza." Chini ilikuwa udongo mweusi umepasuka, nyufa za kuingiza mkono mzima mpaka kiwiko (hatukuingiza, kushuka garini hovyo hairuhusiwi, ila unaona kabisa). Akaeleza kwamba ule ni mfinyanzi mweusi unaovimba ukinyonya maji na kusinyaa ukikauka. Masika maji yanatuama, mizizi ya mti inakosa hewa, kiangazi udongo unasinyaa na kuikata mizizi hiyohiyo. Mche wa mti hapo unateswa mara mbili kwa mwaka. Nyasi zenyewe hazina shida, mizizi yao ni myembamba na mingi, ikikatika inaota mingine, na sehemu zinapochipulia ziko chini karibu na udongo, kwahiyo ukizila, ukizikanyaga, ukizichoma, zinarudi.

Halafu tukapanda taratibu kuelekea pembeni ya bonde na akawa anatuambia tuangalie rangi ya barabara. Nyeusi, ikawa kijivu, ikawa kahawia, ikaja kuwa nyekundu yenye mchanga. Na kila rangi ikibadilika mimea inabadilika nayo: nyasi tupu, kisha migunga mmoja mmoja, kisha mibuyu, kisha ukuta wa miombo. Huo mpangilio wa udongo kutoka kilimani hadi bondeni wanasayansi dunia nzima wanauita katena, na aliyeupa hilo jina ni Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa kituo cha utafiti cha Amani, kule milima ya Usambara, mwaka 1935, baada ya kuzunguka Tanganyika na nchi jirani akichora ramani ya udongo. Yaani mwanafunzi wa jiografia wa Brazili au Australia anasoma kitu kilichogunduliwa kwenye ardhi yetu hii, na sisi tuliosoma hapahapa tulifundishwa savana ni "nyasi na miti iliyotawanyika", basi, mchoro wa mgunga mmoja na twiga pembeni, ukipata maksi unasonga mbele. Mie niliumia kidogo kusikia hilo nikiwa mtu mzima.

Watu wengi wanadhani mvua peke yake ndo inaamua pawe msitu au pawe savana. Mvua ina sehemu yake kubwa kweli. Kuna utafiti wa 2005 uliokusanya taarifa za sehemu zaidi ya 850 Afrika nzima, ukaonyesha kwamba pale mvua inaposhuka chini ya milimita kama 650 kwa mwaka, mvua yenyewe ndo inaweka kikomo cha miti, haiwezi kujaa hata ukiiachia. Zaidi ya hapo miti ingeweza kujaa kabisa ikafunika, ila inazuiwa na moto na wanyama. Kwahiyo sehemu kubwa ya savana unayoiona inashikiliwa pale ilipo na vitu vinavyotokea kila mwaka, ukiviondoa inageuka kitu kingine.

Moto sasa. Hapa nimshukuru sana yule mzee kwa sababu familia nzima tulipoona eneo jeusi limeungua wote tukasikitika, mama yangu akaanza kuwalaani majangili. Muongozaji akamwambia kwa heshima, "Mama, huu wa hapa tumeuchoma wenyewe, na umechomwa mapema makusudi." Kumbe hifadhini wanachoma mapema, mvua zikiisha tu kuanzia kama Juni, nyasi bado zina unyevunyevu, moto unatambaa polepole unaruka vipande vipande, unaacha viraka vya nyasi nzima kwa ajili ya wadudu na ndege na wanyama wadogo kujificha. Usipochoma mapema, nyasi ndefu zinakauka kabisa, halafu Septemba au Oktoba mtu anatupa kipisi cha sigara barabarani au mrina asali anawasha moto, linalipuka moto la kuua miti mikubwa na kila kitu. Na mche mdogo wa mti unaishi kwenye vita hii: moto unaukata juu, unaota tena toka kwenye mzizi, mwakani unakatwa tena, unaweza kukaa miaka na miaka hivyo na kimo cha mtoto huku mzizi wake chini una umri mkubwa, mpaka itokee miaka kadhaa ya kupumua moto usifike, ndo unarefuka kichwa kinavuka miali na hapo unakuwa mti kweli.

Tena kwenye vile viraka vilivyoungua palikuwa pameanza kuchipua majani mabichi, mvua haijanyesha bado, na ndipo tulipowakuta pundamilia, nyumbu na swala pala wamejazana. Majani mapya hayo yana protini kuliko makavu yote yanayozunguka. Nikaelewa kwanini tangu asubuhi gari za wengine zilikuwa zinapita mbio tu wakati sisi tulikuwa tunaelekea moja kwa moja walipo, mtu anayejua palipoungua Julai anajua pa kutafuta wanyama Septemba.

Tukakaa pale muda mrefu, na hii ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote. Ukiwaangalia kwa haraka unaona kundi la wanyama wanakula nyasi. Ukitulia unaona kila mmoja ana lake. Pundamilia hacheui, chakula kinapita tumboni haraka, kwahiyo anaweza kula mabua magumu yasiyo na faida kubwa ilimradi ale mengi, kutwa kucha kinywa hakipumziki. Nyumbu anacheua, ana mdomo mpana, anataka nyasi fupi laini. Swala pala ni mjanja, masika anakula nyasi, kiangazi zikikauka anahamia kwenye majani ya vichaka. Twiga yuko juu kwenye migunga hana mpinzani zaidi ya tembo. Ngiri amepiga magoti anachimbua mizizi na vishina. Ndo maana eneo moja linabeba wanyama wengi hivyo bila kugombania sahani moja. Nyati nao, kundi kubwa, walikuwa mbali kwenye nyasi ndefu upande wa maji, wao ulimi wao unazoa yale marefu.

Saa ya kula tulienda bwawa la viboko, pale inaruhusiwa kushuka. Lanchi boksi ilikuwa na kuku, chapati, yai, ndizi na juisi, kuku alikuwa mkavu, sina zaidi la kusema. Ila pembeni ya sehemu tuliyokaa kulikuwa na kichuguu kikubwa kirefu kuliko mtu, na muongozaji akala haraka akatuita. Kiangalieni, akasema, msikipande. Miti iliyoota juu na pembeni ya kile kichuguu ilikuwa na majani ya kijani kabisa wakati ya jirani yake imepukutika. Mchwa wanachimba chini sana wanaleta juu udongo wa mfinyanzi na madini, wanavuta ndani majani makavu na vijiti, wanalima ukungu humo ndani kwenye mashamba yao na ndo wanaoula, kwahiyo kichuguu kinakuwa ghala la rutuba katikati ya nchi ambayo udongo wake mwingine umechoka. Akatuonyesha tobo la mhanga pembeni, udongo mbichi umetupwa nje, na shimo la zamani akasema ngiri amelichukua kalala. Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi wanatoka, kila ndege anashiba, na ule uyoga mkubwa mtamu tunaouokota vijijini masika unatoka kwenye mashamba hayohayo ya mchwa. Mama yangu ambaye mpaka hapo alikuwa anasema amechoka jua kali, alisimama akaanza kumueleza muongozaji jinsi kwao walivyokuwa wanachuma uyoga wa kichuguu, wakaongea hao wawili kama nusu saa, sisi tunasikiliza.

Baada ya chakula tulipanda kwenye miombo, na hapa ndo malalamiko yanaanza. Miombo mwisho wa Septemba ni kitu cha kuona, jamani. Mvua bado lakini miti inatoa majani mapya mekundu, mengine rangi ya shaba, mlima mzima unawaka, inatumia maji na akiba iliyowekwa kwenye mizizi ili mvua ikifika ikute majani tayari yako kazini. Lakini miombo ina mbung'o, na mbung'o wanavutwa na rangi ya bluu na nyeusi, hata mitego yao inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Hilo kampuni ilitakiwa ituambie kabla, tena mapema kabisa kwenye ule ujumbe wa maelekezo. Hawakusema. Mdogo wangu alivaa jinsi na tisheti nyeusi, alitafunwa mpaka akaomba madirisha yafungwe, na joto lile, kiyoyozi cha gari hakifanyi kazi. Muongozaji alikuwa na dawa ya kupaka lakini mbung'o hawaijali sana dawa. Vaeni kaki, kijivu, kijani iliyofifia. Nyota moja imeondoka hapo.

Na watu wa gari letu wengine walilalamika kwamba huku juu hamna wanyama, turudi chini. Kweli ni wachache, na sababu ipo. Ardhi ya miombo ni ya zamani sana, mvua zimeilowesha na kuikamua madini kwa muda mrefu mno, nyasi zake ni ndefu na ngumu, chakula kingi lakini hakijengi mwili. Wanaoishi huku ni wale waliojipanga na hali hiyo, palahala, kongoni wa huku kusini, tandala, wachache na wametapakaa. Bonde la Mkata linapokea rutuba inayoteremka toka milimani kila masika ndo maana kundi lote liko kule. Ukimuona palahala dume mweusi na zile pembe zilizopinda nyuma, hata kwa sekunde chache kabla hajaingia kwenye miti, umeona kitu ambacho wengi wanaorudi na picha za simba hawajawahi kukiona. Sisi tulimuona. Watu wa kurudi chini walinyamaza.

Na hao mbung'o, pamoja na kero zao, ndo moja ya sababu miombo mingi ya nchi hii haikujazwa ng'ombe na mashamba, ugonjwa wa nagana wanaowaambukiza ng'ombe uliwafukuza wafugaji muda mrefu. Kwahiyo sehemu kubwa ya hifadhi tunazojivunia kusini zilikaa wazi kwa sababu ya inzi hao.

Kuna jambo lililonigusa nataka niliseme hata kama sio sehemu ya huduma. Siku hizi kila kampeni ni panda miti, panda miti, na mie napanda nyumbani na naunga mkono. Lakini ukisimama Mkata ukaangalia zile nyasi unaelewa kwamba nyasi tupu sio msitu ulioharibika unaosubiri kuokolewa. Savana imefunika kama nusu ya Afrika, ni ya kale, ina mimea na wanyama wake ambao wakifunikwa kivuli wanakufa, na sehemu kubwa ya kaboni yake iko chini kwenye udongo na mizizi ambapo moto haufikii. Ukiwasomba watu wakapande mikaratusi kwenye tambarare kama ile umeua pundamilia na hujapata msitu. Brazili wana savana yao, Cerrado, ina aina nyingi mno za mimea, na imelimwa soya na kugeuzwa malisho ya ng'ombe mpaka karibu nusu yake imeondoka huku dunia nzima inaililia Amazon pembeni yake, kwa sababu msitu unapendeza kwenye picha na nyasi haziwashtui watu. Natamani mashule yetu yalete watoto pale, hata wa Moro tu na Dar, wasimame kwenye ule udongo uliopasuka waulize lile swali alilouliza binti yangu.

Turudi kwenye huduma. Lalamiko la pili ni muda. Tuliambiwa siku nzima, lakini saa tisa ofisi ikaanza kumpigia muongozaji simu arudishe gari kwa sababu lina wateja wengine kesho yake na linatakiwa kuoshwa. Yeye mwenyewe aliona aibu. Jioni ndo wanyama wanaamka, ndo tembo wanashuka majini, sisi tukawa tunatoka. Tembo tuliwaona tukiwa barabarani tunaondoka, wamesimama kwenye mbuyu ambao gome lote la chini limebanduliwa, kiangazi wanautafuna kwa ajili ya maji yaliyomo ndani ya nyuzinyuzi. Sasa malori ya kwenda Tunduma yanapita hapohapo, mengine hayapunguzi hata kidogo pamoja na matuta na vibao vyote vile, na mizoga ya wanyama waliogongwa barabara ile inajulikana. Wewe unayeendesha, punguza, hasa usiku.

Kabla hujatuma hela kwa kampuni yoyote uliza haya kwa simu, usiulize kwa meseji: muongozaji ni nani na nitaongea naye? Tunatoka getini saa ngapi, iandikeni kwenye risiti. Kuna darubini ngapi kwenye gari, sisi tulikuwa na moja ya kugombania. Tutapanda mpaka kwenye miombo au mnazunguka Mkata tu? Wengi wanazunguka Mkata tu, kwa sababu ni karibu na geti na mafuta ni madogo, na kuanzia katikati ya asubuhi wageni wanaoletwa na ndege ndogo toka Zanzibar wanajaa hapo, simba mmoja anazungukwa na magari pande zote. Mwambie muongozaji mapema kwamba hamtaki kufukuzia simba, utaona anavyobadilika uso, maana wengi wanajua mambo mengi na hakuna anayewauliza.

Msimu: Juni mpaka Oktoba ndo rahisi kuona wanyama, nyasi zimepungua na maji yamebaki sehemu chache. Machi na Aprili ule udongo mweusi unashika gari, njia nyingine hazipitiki kabisa, ila kama una gari la uhakika Desemba na Januari kuna watoto wa wanyama, nchi ni ya kijani, bei za malazi zinashuka na maua ya porini yapo kila mahali. Sisi tumeshakubaliana kurudi Januari na muongozaji yuleyule, safari hii tumekodi gari sehemu nyingine na tunamlipa yeye mwenyewe siku yake, na mama ameshasema anataka kukaa siti ya mbele.